Dirisha la Upande wa Jiko

Mwanangu Idi,

Assalamu alaikum. Desturi inataka nianze kwa kusema kwamba mimi ni mzima wa afya na wasiwasi wangu ni juu yako tu. Afya yangu unaijua, umeisikia ikilalamika kila ninapoinuka kwenye kiti. Wasiwasi nao upo, na nitausema wote humu ndani, kwa hiyo tusiharibu karatasi kwa salamu.

Ni baada ya alasiri. Wewe umekwenda Biryogo kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua hatakuachia kabla ya magharibi. Mimi niko dukani hapa Muhima. Nimeteremsha mlango nusu ili wateja wadhani nimekwenda kuswali, nimesukuma vitambaa pembeni, naandika juu ya meza ya kukatia. Kesho asubuhi basi lako la Kampala linaondoka Nyabugogo. Habari za kutunza pasipoti, kuchemsha maji na kutokopesha nguo zako sitaziandika. Hayo nimeyasema mpaka umeanza kunijibu kabla sijamaliza.

Kuna jambo moja. Juzi jirani yetu alipokuuliza unakwenda kufanya nini Kampala, nilikuwa naanua nguo, nikasikia. Ulimwambia kwamba kwenye ile karakana ya wachoraji wewe utakuwa unatengeneza fremu. Wenzako watachora, wewe utawapigia misumari.

“Na wewe sasa, kuchora uliacha?” akakuuliza.

Ukacheka. Ukasema, “Mimi mkono ilikufa.”

Niliingia ndani na nguo zikiwa bado mbichi. Mkono wako haukufa, Idi. Ni mimi niliyeukalia, nilijua kwamba nimeukalia, na nikanyamaza. Siwezi kukuacha upande basi na uongo huo kichwani, ukatumia maisha yako yote kupiga misumari kwenye picha za watu wengine. Ngoja nikueleze ilivyokuwa. Nitazunguka kidogo kwa sababu nimechoka, na mtu aliyechoka hawezi kwenda moja kwa moja kwenye aibu yake.

Watu wakikuuliza mama yako anafanya kazi gani, huwa unasema anawajengea waandishi na wachoraji vijumba vya kufanyia kazi. Unasema kwa fahari, nami hujinyoosha kidogo. Lakini ulikuwa mdogo sana kukumbuka ilivyoanza. Nilikuwa fundi wa mapazia na magauni tu. Siku moja akaja Mwalimu Beatrisi, mstaafu, mama aliyelelewa Burundi, akataka pazia zito la kugawa sebule yake. Nikamuuliza rangi.

“Mama Idi, rangi weka ile unapenda,” akasema. “Mimi ninataka kama mtu anaingia, asijue kama niko ndani.”

Nikadhani ana ugomvi na wakwe. Kumbe alikuwa anaandika kitabu cha utoto wake, na tangu alipoanza hajawahi kumaliza ukurasa bila mtu kupiga hodi. Nikamshonea pazia. Baada ya wiki akarudi kuniambia kwamba watu wanaona miguu yake kwa chini, wanamsalimia miguu. Ndipo tukaamua kumjengea chumba nyuma ya nyumba, kidogo tu, cha kuenea meza na kiti na yeye mwenyewe. Nikamtafuta Fundi Evarisiti, ambaye wakati huo alikuwa anajenga vyoo na kuta za uani.

Mimi ujenzi sikuujua. Nilichojua ni kupima mtu. Kwa hiyo nikampima Mwalimu kama ninavyopima wa gauni, ila nilimkalisha. Kiwiko mpaka goti, bega mpaka meza, jicho mpaka pale linapotulia mtu anapofikiri. Nikamwambia Fundi, dirisha lianzie hapa, meza iishie pale. Fundi alicheka mpaka akaweka mwiko chini. “Hii nyumba tunajenga ao tunashona?” Lakini alijenga, na vipimo vilikaa.

Kosa likawa nje. Mimi ni mjukuu wa watu wa misafara kutoka pwani, nimekulia kwenye nyumba ambazo mtu akikosa baraza mbele ya mlango anaonekana bahili. Nikamwambia Fundi aweke baraza nzuri ya saruji. Hakuna aliyeniomba, nilidhani ni adabu. Mwezi mmoja baadaye nikaenda kumtembelea Mwalimu, nikakuta wanawake wanne wamekaa pale wanachambua maharage, na yeye yupo kati yao, kalamu imechomekwa kwenye nywele. Hajaandika hata mstari. Nikamwambia afunge mlango. Akaniangalia kama mtu aliyeambiwa apae. Alikwisha kufunga, na mambo yakazidi, maana mtaani kwetu mlango uliofungwa mchana maana yake ndani kuna mgonjwa. Walimletea uji, na mmoja akamleta padri.

Tukavunja baraza. Tukafungua mlango mwingine unaoangalia ukuta wa nyuma, penye upenyo wa mtu mmoja kupita ubavu. Ule mlango wa mbele tukauacha mahali pake, hauendi popote, tukautundikia kufuli kubwa la chuma. Mpita njia akiona kufuli limefungwa kwa nje anajua ni stoo, anapita zake. Mwalimu akamaliza kitabu chake. Tangu hapo kila chumba nilichokipanga kina kufuli la uongo, na wateja wangu wananijua kwa hilo kuliko kwa mapazia. Sikusoma popote. Nilijifunza tu kwamba mtu wa hapa hawezi kumwambia mwenzake “nina kazi, rudi baadaye,” kwa hiyo chumba lazima kiseme kwa niaba yake.

Nakueleza haya ili ujue kwamba ninaijua kazi yangu. Sitaki uje kunitetea kwamba mama hakujua.

Kosa la pili lilikuwa la Bwana Karoli, yule anayeandika michezo ya redio, unamkumbuka kwa kofia yake. Kwake nilifanya kila kitu sawasawa. Kufuli mbele, mlango nyuma, ukuta mnene, dirisha linaangalia bonde na hakuna anayeweza kuchungulia. Siku ya kumkabidhi aliingia, akakaa, akapitisha kiganja juu ya meza. “Ni byiza cyane, Mama,” akasema. “Nzuri sana sana.” Nikaenda nyumbani nimejaa fahari. Mwaka uliofuata nikapita kubadilisha pazia, nikafungua mlango nikakuta majerikani, magunia ya mkaa, na kuku ametagia kwenye kile kiti. Bwana Karoli alikuwa nyuma yangu, anaona aibu kuliko mimi.

“Bwana Karoli, hukitumii?”

“Nakitumiaga, Mama. Iko nzuri cyane.”

“Na kuku je?”

Akamtoa kuku kitini. Halafu akaniambia kwamba kila akikaa mle anasikia masikio yake mwenyewe. Yeye michezo yake yote aliiandikia nyuma ya duka la kaka yake, Nyabugogo, amekaa juu ya magunia ya mchele, watu wanabishana bei upande wa pili wa ubao. Hakuna aliyekuwa anajua yupo, lakini yeye alikuwa anawasikia wote. Mimi nilimpima mikono, mabega, macho, kila kiungo, nisimuulize swali moja la kijinga: ni wapi uliwahi kufanya kazi vizuri?

Na yeye angekufa na siri hiyo. Mwaka mzima alikuwa ananisifia kwa watu. Ndivyo tulivyo hapa, mtu anaona ni afadhali kufuga kuku kwenye chumba chako kuliko kukuambia hakimfai. Mimi fundi cherehani, ambaye sijawahi kumpa mtu gauni kabla hajalivaa, akainama, akakaa, akainua mikono, nilikuwa nawapa watu vyumba kwa neno “nzuri.” Nikaapa sitaliamini tena neno hilo.

Sasa njoo kwetu.

Miaka miwili iliyopita wale watu wa Kampala walikuita mara ya kwanza. Walikuita uchore, siyo utengeneze fremu. Ulinionyesha ujumbe wao kwenye simu ukiwa umesimama mlangoni, hata viatu hujavua. Nikakuuliza utakuwa unachorea wapi. Ukasema ni ukumbi mmoja, watu kumi na wawili, kuna gereji pembeni wanachomelea vyuma kutwa. Nikasema, “Katika makelele hayo? Kaa kidogo, mimi mama yako nitakujengea chumba chako mwenyewe.” Ulisita. Nikaongeza kwamba hata Bwana Fulani na Bi Fulani wanangoja zamu, lakini wewe nitakutanguliza. Ungesemaje? Mtoto gani wa hapa angemwambia mama yake hapana?

Tangu baba yako afariki, nyumba yetu ya mtaa wa Gitega ina watu wawili. Ukitoka wewe, anabaki mmoja. Hesabu ni fupi na sikutaka kuifanya. Nilijiambia nakujengea kwa ajili ya kipaji chako. Nilimwambia hivyo Fundi, na shangazi yako, na Mungu kwenye sijda. Siku ya dirisha ndipo mambo yalipojulikana.

Fundi alikuwa amekwisha kuacha nafasi ya dirisha upande wa bonde, kama tunavyofanya siku zote. Nikamwambia azibe, alifungue upande wa pili, unaoangalia nyumba. Akanitazama juu ya miwani.

“Mama Idi, upande huu iko jiko.”

“Najua.”

“Weye ukiwa unapika utamuona mpaka magoti. Na yeye hataona kitu kingine, ni weye na masufuria.”

“Mwanga ni mzuri upande huu.”

“Mwanga?” Akageuka akaangalia ukuta wa jikoni, ule mweusi wa moshi, akaangalia tena uso wangu. “Haya. Na mlango wa nyuma? Na kufuli yetu?”

“Ya nini? Ni nyumbani kwake. Weka mlango mbele. Na kibaraza.”

Akachukua mwiko akaweka. Alinijengea kila nilichokataza kwa miaka yote hiyo, kimoja baada ya kingine. Jioni alipokuwa ananawa mikono akasema tu, “Mimi ninajenga. Kupima ni kazi yako.” Niliona haya, nikamkasirikia. Kwa wiki nzima nilimpa chai isiyo na sukari.

Halafu ukaingia, Idi. Ukakaa. Ukapitisha kiganja juu ya meza. Ukasema, “Nzuri sana, Mama.” Nami niliyeapa, nikalipokea neno hilo kwa mikono miwili.

Nilikuwa na raha mwaka ule, sitakudanganya. Nilikuwa nakata vitunguu nainua kichwa, nakuona. Nilikuwa nabuni sababu: chai, mihogo, kuuliza kama umeiona miwani yangu ambayo ilikuwa usoni. Kila nikiingia nageuza shingo kuangalia ulichochora, nasema “ni nzuri,” natoka. Nilikuwa nalala usingizi mzuri.

Siku ulipokwenda Huye kwenye harusi ya rafiki yako nikaingia kufagia. Picha zako ulikuwa umezigeuzia ukutani. Nikazigeuza moja moja. Mimi nimeinama kwenye jiko. Mimi mgongo. Mimi na sufuria kubwa. Sufuria peke yake. Mimi naanua nguo. Mimi nimesimama mlangoni na kikombe, na hiyo ulikuwa umeifuta uso. Mwanzo, mpumbavu mimi, nilifurahi. Nilisema mtoto ananipenda hivi. Nikakaa kwenye kiti chako ili nifurahi vizuri, nikainua macho pale ambapo yako huinuka, na hapakuwa na kitu kingine cha kuona. Jiko, na nafasi yangu tupu mbele ya jiko.

Wewe uliyekuwa unachora madereva wa Nyabugogo, wapagazi, mvua inavyokimbia kwenye mitaro, mbuzi wa watu! Ulikuwa unachora kile kilichokuwa mbele yako mpaka kikakuishia. Picha ya mwisho ni ile ya kikombe. Baada ya hapo hukuchora tena. Ulikuwa unaingia asubuhi, unakaa, kwa sababu ulijua ninaangalia, na ulikuwa unapitisha brashi kavu hewani ili nisihuzunike. Niliona brashi kavu, Idi. Fundi cherehani anajua mkono unaoshona na mkono unaoigiza kushona.

Nikarudisha picha zilivyokuwa, zimegeukia ukuta. Nikamaliza kufagia. Na nikanyamaza mwaka mzima. Hilo ndilo linaloniuma kuliko dirisha. Dirisha nililiweka kwa hofu, na hofu mtu anaweza kusamehewa. Lakini baadaye nilijua kabisa, nikakuacha uamini kwamba kitu kimekufa ndani yako, kwa sababu mtu aliyekata tamaa haondoki nyumbani. Naona aibu kuandika sentensi hiyo. Nimeiandika polepole ili isomeke.

Unajua ulianza kuchora wapi? Hapa. Chini ya meza hii ninayoandikia. Ulikuwa na miaka minne au mitano, unachukua chaki zangu za kushonea na vipande vya bitana, unajichimbia huko chini kati ya miguu ya wateja. Juu watu wanabishana na mimi juu ya pindo, redio inaimba, mtu anakanyaga kidole chako unalia kidogo unaendelea. Hakuna aliyekuwa anakutazama. Jioni nikifagia nakuta nguo za wateja zimechorwa kwa chini, ng’ombe, magari, na mara moja sura ya mteja mwenyewe akiwa na pua ndefu, nami nilisugua chaki ile huku nacheka peke yangu. Hilo ndilo lilikuwa jibu la lile swali nisilomuuliza Bwana Karoli. Kwako nilikuwa nalo tangu zamani, na sikulitumia. Wewe unahitaji watu karibu, makelele yao, harufu zao, na wote wawe na shughuli nyingine. Ukumbi wa watu kumi na wawili na gereji pembeni. Ndicho chumba chako. Kama ungekuja kama mteja, ningekuambia nenda Kampala kesho yake.

Sina mengi ya kukushauri. Ila kuna neno moja ambalo sikukufundisha, na wateja wangu wa nguo wanalijua vizuri: hainienei. Mtu analivaa gauni, anainua mkono, anasema mama, hainienei hapa kwapani. Hakuna anayekufa. Mimi nafumua, nashona upya. Nilikulea ujibu “nzuri, Mama” kwa chakula chenye chumvi nyingi na kwa shati linalokubana, nikaita hiyo heshima. Huko unakokwenda, ukipewa kazi, rafiki, chumba au mke asiyekuenea, sema mapema na kwa upole. Ukinisikia mimi kwenye simu naanza kukupima tena, niambie mimi wa kwanza.

Na ukija kumpangia mtu unayempenda mahali pa kukaa, mpe mtu mwingine kipimo akapime. Mkono wako utavuta kitambaa upande wako na hutauona ukivuta.

Kile chumba sitakivunja, nguvu za kuvunja sina. Nitaweka cherehani zile mbovu na majora ya zamani. Ukija likizo utalala ndani ya nyumba, kwenye kitanda chako, na mchana utatoka uende unakotaka bila kuniambia.

Barua hii sikupi mkononi. Nimelifikiria hilo tangu juzi. Nikikupa leo utaisoma sebuleni, utaniona nimezeeka, utanihurumia. Utasema hapana Mama, chumba kilikuwa kizuri, mimi tu ndiye mvivu. Pengine utafungua begi uanze kutoa mashati. Nami sijui kama ningekuzuia. Ndiyo maana pia kesho sitakuja Nyabugogo, nitakuagia mlangoni, na usikasirike nikiwa mkavu.

Nitaikunja niitie ndani ya ule mkoba wa brashi niliokushonea kwa jinzi. Najua hujaufungua tangu mwaka jana, kamba yake imeshika vumbi kwenye fundo. Uliuacha juu ya kabati kwa makusudi, mimi nitausukuma chini ya mashati begini mwako. Utauona ukifika na utanilaumu kwa kukubebesha mzigo. Weka popote. Wenzako watakuwa wanachora na wewe utakuwa na misumari mdomoni, na siku moja, sijui lini, mkono utakwenda wenyewe kwenye fundo lile. Nitangoja mpaka Ramadhani. Kama mpaka hapo hujaniambia umeisoma, nitakupigia simu nikueleze yote kwa mdomo, kwa sababu haki yako siwezi kuiacha mkobani milele.

Lakini kama unasoma mstari huu, simu haina kazi tena. Umefungua mkoba mwenyewe, na mimi sikuwepo. Nisamehe baadaye, ukipata nafasi. Sasa ikunje hii karatasi uitie mfukoni, brashi zimekaa sana. Gereji wanachomelea, wenzako wana yao. Hakuna anayekuangalia, Idi. Hata mimi.

Mama yako,
Mwamini